Robo ya darasa langu haiwezi kusoma, na aliyewafundisha ni dada yangu wa kazini

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nimefundisha madarasa ya juu, la sita na la saba, na mwaka huu nimepangiwa darasa la nne, niwe mwalimu wa darasa na pia mwalimu wa Kiswahili. Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema ofisini mbele ya walimu wenzangu, na nyumbani nikilianza mume wangu ananiambia mambo ya shule niyaache shule.

Mwanzoni mwa muhula nilitoa kifungu kifupi cha ufahamu, hadithi ya nusu ukurasa kuhusu msichana aliyepoteza daftari la dada yake. Nikaanza kuwasomesha mmoja mmoja. Wa kwanza akasoma vizuri. Wa pili akasimama, akashika kitabu, akanyamaza. Nikadhani ni haya. Nikamwambia, taja tu neno la kwanza. Akaitazama picha, akasema, "Mtoto." Neno lililoandikwa pale lilikuwa "Asubuhi".

Basi nikaacha kifungu, nikaanza kuwaita mezani kwangu mmoja baada ya mwingine hadi nikawamaliza. Wako 51. Kati yao 13 hawawezi kusoma hata neno la silabi mbili lisilo na picha. Wengine kama 20 wanasoma kwa kuburuta, "a-li-ku-wa... a-ki-tem... a-ki-te-mbe-a", na wakifika mwisho wa sentensi mwanzo wake wameshausahau. Waliobaki wanasoma kwa mbio na sauti safi kama watangazaji wa redio. Hao ndio walionivunja nguvu zaidi. Nilimsikiliza mmoja akisoma hadithi nzima bila kosa, nikafunga kitabu nikamuuliza, "Kwa nini yule msichana aliogopa kurudi nyumbani?" Akakodoa macho. Nikauliza kwa namna nyingine. Akaniomba nimpe kitabu atafute jibu, akaanza kusoma tena kutoka juu.

Sasa tatizo langu. Watoto hawa walifundishwa tangu darasa la kwanza hadi la tatu na mwalimu mmoja ambaye kwangu ni zaidi ya dada. Ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa, akanifundisha kuandaa azimio la kazi, na mama yangu alipolazwa yeye ndiye aliyekuwa akinishikia vipindi. Ni mwalimu anayesifika. Ukipita nje ya darasa lake unasikia watoto wanaimba ba be bi bo bu hadi madirisha yanatetemeka. Ripoti za watoto wangu za darasa la tatu ninazo, na karibu zote zimeandikwa "Anasoma vizuri", pamoja na za wale 13.

Siku moja nilimgusia kwa utani, "Dada, hawa watu wako mbona silabi zinawapiga chenga?" Hakucheka. Alisema, "Kwangu walisoma. Labda kwako wanaogopa." Tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa fupi.

Kwa mwalimu mkuu nako nilikwenda, nikazungukazunguka bila kutaja mtu. Akanijibu kwamba darasa la nne lina mtihani mwisho wa mwaka, muhtasari ni mrefu, silabi si kazi yangu, nimalize mada. Nimejaribu hivyo hivyo kuiba muda. Nikirudi kwenye silabi, wanaojua wanapiga kelele, na mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba mwanawe anarudishwa chekechea. Nikiendelea na muhtasari, wale 13 wanakaa nyuma wanachorachora. Mmoja wao, kijana mrefu kuliko wenzake, ameanza kutoroka vipindi vya Kiswahili tu. Hisabati anakuja, na anapata.

Mimi sikuwahi kufundisha madarasa ya chini. Sijui kumwanzisha mtoto kusoma. Mimi ni mtu wa ufahamu, insha na sarufi. Kusoma ni kazi ya miaka mitatu ya mwanzo, na kama haikufanyika, mimi naanzia wapi? Nipeleke majina kwa mwalimu mkuu waziwazi, nikijua namharibia dada yangu? Nipendekeze wale 13 warudie darasa la tatu, yaani warudi kwake? Au ninyamaze, nimalize mada, nao wapande kama walivyokuwa wakipanda?

Mwalimu wa darasa la nne


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, Mwalimu.

Nikupe pole, na nikupe hongera papo hapo. Pole kwa kukuta usichokitarajia, na hongera kwa kuwaita mezani mmoja mmoja. Walimu wengi wenye watoto 51 huwasomesha kwa pamoja, na kwa pamoja kila mtoto huonekana anajua, kwa kuwa asiyejua humfuata jirani yake nyuma kwa nusu silabi. Wewe sasa unajua nani yuko wapi. Bila hilo hata mimi ningekuwa nakujibu kwa kubahatisha.

Nikikuelewa vizuri, unabeba mambo mawili yaliyoshikana. Kuna watoto, na kuna rafiki. Unaona kwamba ukiwasaidia watoto utakuwa umemshtaki dada yako, na ukimsitiri dada yako utakuwa umewatupa watoto. Mwalimu mkuu naye amekuwekea mtihani mbele. Naomba tuyatenganishe kwanza, halafu tuone kama kweli yanagombana kiasi hicho.

Kuna mstari wako mmoja ambao sikuweza kuupita: "Kusoma ni kazi ya miaka mitatu ya mwanzo." Dhana hii tunayo wengi, na ratiba za shule nyingi zimejengwa juu yake. Waliochunguza ukuaji wa wasomaji wanaona vingine. Mwaka 1983 Jeanne Chall, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliugawa ukuaji huo katika hatua zinazoanza kabla mtoto hajaingia shule na kuendelea hadi chuo. Katika umri wa miaka 6 hadi 8 hivi mtoto anajifunza kuoanisha herufi na sauti, kisha anazoea hadi anasoma bila kujikwaa. Anachosoma katika miaka hiyo ni habari ambazo masikio yake yanazijua tayari. Akifika miaka 9 hivi, kazi inageuka: sasa anatakiwa asome ili ajue asilolijua. Chall na wenzake waliwafuatilia watoto wa familia za kipato kidogo na kukuta baadhi waliokuwa sawa hadi darasa la tatu wakianza kubaki nyuma darasa la nne. Kilichowashinda kwanza kilikuwa maana za maneno yasiyo ya kila siku.

Kwa hiyo darasa la nne halikukuta kusoma kumekwisha. Limekuta kusoma kwa namna nyingine kunaanza, na kwa bahati mtu aliyepangiwa darasa hilo ni mtu wa ufahamu na insha.

Nikuongezee jambo moja, kwa sababu litakusaidia kuyaangalia makundi yako matatu. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe mtu anapoisikia. Walisema vinazidishwa, havijumlishwi. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kile kingine kiwe kikubwa namna gani. Sasa rudi kwa watoto wako. Wale 13, wasomee wewe ile hadithi kwa sauti kisha uwaulize msichana aliogopa nini. Nadhani wengi watakujibu vizuri kuliko watangazaji wako. Kilicho sifuri kwao ni herufi, akili wanazo. Na watangazaji wako herufi wanazo zote. Waliwahi kufundishwa herufi na mtu, Mwalimu, na mtu huyo ni dada yako. Watoto kama 18 wanaosoma bila kosa hawakuanguka kutoka mbinguni.

Naona huruma yako na hasira yako zote zimeelekea kwa mtu mmoja, nami nakuuliza kwa upole: ulipokuwa darasa la sita na la saba, watoto wa namna hii hukuwaona? Waliokuwa wakinakili jibu la ufahamu neno kwa neno kutoka kwenye kifungu? Waliokaa nyuma? Sikuulizi ili nikubebeshe lawama. Nauliza kwa sababu kama walikuwepo, basi jambo hili halikuanza na mwaka huu wala halimhusu dada yako peke yake.

Nije kwa makundi. Watangazaji nimewaanza, niwamalize. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walifanya kazi na watoto wa aina hiyohiyo, wanaotamka maneno vizuri lakini hawaelewi wanachosoma. Waliwazoesha kufanya mambo manne wakiwa katikati ya kusoma: kubashiri kitakachofuata, kujiuliza maswali, kusimama kwenye neno au sentensi isiyoeleweka na kuifafanua, na kueleza kwa ufupi walichosoma. Mwalimu huanza kuonyesha, kisha mtoto mmoja anashika nafasi ya mwalimu katika kikundi kidogo, kisha mwingine. Kwenye hadithi yako ya daftari, wasimamishe pale msichana anapogundua mkoba ni mwepesi. Usisubiri mwisho. Waulize sasa hivi atafanya nini, na wamejuaje. Watoto wengi wamezoea maswali ambayo jibu lake limelala kwenye mstari wa tatu likisubiri kunakiliwa. "Kwa nini aliogopa" halikuandikwa popote, linatakiwa kujengwa kichwani, na huenda hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hiyo nayo ni kusoma.

Usisahau pia kwamba ufahamu unategemea mtoto anajua nini kuhusu jambo lenyewe. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli. Waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo waliielewa na kuikumbuka habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ndiyo maana siuoni muhtasari wako kama adui. Kifungu cha sayansi kuhusu mizizi, kikitanguliwa na mazungumzo mafupi na mche uliong'olewa, ni somo la kusoma kamili, na mada inakuwa imefundishwa.

Wale 20 wanaoburuta wanahitaji mazoezi zaidi ya maelezo. Akili yao yote inaishia kwenye silabi, haibaki ya kushika maana. Kuna njia ya zamani kidogo, Jay Samuels aliieleza mwaka 1979, nayo ni rahisi hadi watu wanaidharau: mtoto anasoma kifungu kifupi kilekile mara kadhaa, mpaka kitoke kwa mtiririko, ndipo anapewa kingine. Wakae wawili wawili, mmoja asome mwenzake akifuatilia kwa kidole, wabadilishane. Hapa na sarufi yako inaingia. Maneno ya Kiswahili yanarefuka, na mtoto anayeburuta akikutana na "hawakutusomea" anaona silabi saba zisizo na mwisho. Akifundishwa kuona hawa-, -ku-, -tu-, halafu -som- anayoijua, anashika vipande vichache vyenye maana badala ya silabi saba tupu. Viambishi tunavyovifundisha kwa ajili ya mtihani vinaweza kumfungulia mtoto neno. Andika ubaoni "tulisoma, hatukusoma, hawakutusomea", uwaulize wameona nini hakibadiliki.

Kwa wale 13 nataka nikae zaidi. Umesema hujui kumwanzisha mtoto kusoma, na sitaki kukuambia ni jambo dogo. Ila ni dogo kuliko unavyoliogopa. Maandishi ya Kiswahili yanafuata matamshi. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya na kukuta kwamba wanaosoma lugha ambazo herufi na sauti zinaendana kwa utulivu, kama Kifini, Kihispania na Kiitaliano, huweza kusoma maneno ya kawaida kwa usahihi kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha, wakati wanaosoma Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi. Kiswahili katika hilo kiko upande wa Kifini. Mtoto wa miaka 10 anayekijua kwa kukisema anaweza kupiga hatua haraka kuliko wa darasa la kwanza, akipewa nafasi.

Anza kwa kujua amekwama wapi hasa. Andika kwenye vikaratasi bo, ba, bu, be, bi bila mpangilio, umwombe asome kimoja kimoja. Mtoto aliyekariri wimbo atapotea hapo hapo, au utamwona anaimba kimoyomoyo kutoka "ba" mpaka afike kwenye ile unayotaka. Kuimba kuna faida yake, lakini mtu anaweza kuimba akiwa anaangalia dirishani. Wakizijua silabi za kawaida, mpe maneno yasiyo na maana, "tefu", "koliba", ili usimpe nafasi ya kubahatisha. Kisha nenda kwenye zile ngumu: ng' na ng, ny na nyw, mbw, ndw, shw. Wengi hukwama hapo bila mtu kujua, kwa sababu kitabu cha kwanza kimejaa "baba" na "kaka". Na kila wanachokisoma wakiandike, kwa imla fupi ya maneno machache. Dakika kama 20 kwa siku, kila siku, zina nguvu kuliko kipindi kizima cha Ijumaa.

Utazipata wapi hizo dakika ndiyo kesi yenyewe, na hapa kila njia ina gharama. Kulirudisha darasa zima kwenye silabi umeshaonja: wanaojua wanachoka na wazazi wanakuja. Kuwaweka wale 13 pembeni ndani ya darasa kunawezekana wakati wengine wakisoma wawili wawili, lakini angalia wasije wakapewa jina. Watoto huligundua kundi la "wasiojua" hata ukiliita Simba. Kinachopunguza aibu ni makundi yote kuwa na kazi tofauti, na mtoto kuhama anapovuka. Shirika la Pratham nchini India limekuwa likifanya jambo kubwa zaidi: kwa sehemu ya siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano hupangwa kwa uwezo wao wa kusoma, si kwa darasa. Anayeanza anakaa na wanaoanza, anayesoma aya na wa aya, kisha wote wanarudi kwenye madarasa yao. Tathmini zilizofanywa zimeonyesha matokeo mazuri. Lakini hilo haliwezi kuwa la mwalimu mmoja. Linahitaji walimu wa jirani wakubali na mwalimu mkuu atoe ratiba, na ukilianzisha peke yako kimyakimya litaonekana ni ukaidi.

Kurudia darasa la tatu sikukatazi kulifikiria, hasa kama kuna mtoto aliyekosa shule muda mrefu kwa ugonjwa. Kwa wengine jiulize watakwenda kupata nini ambacho hawakukipata. Kama ni wimbo uleule, watatoka na matokeo yaleyale, wakiwa na umri zaidi na aibu zaidi. Huyo kijana mrefu ningemhofia sana. Anaingia hisabati na anapata, kwa hiyo si mzito wala si mvivu. Anachokimbia ni kusimama mbele ya wenzake na kitabu. Mpunguzie hicho kwanza: asisomeshwe kwa sauti mbele ya darasa kitu ambacho hajakifanyia mazoezi na wewe faraghani. Macho na masikio yake yapimwe, na ya wenzake pia, maana mtoto anaweza kuhesabu vizuri kwa kusikiliza na asione herufi ndogo za kitabu. Na kama baada ya kufundishwa kwa utaratibu na kwa muda bado herufi hazishiki, kuna hali iitwayo disleksia, ambapo mtu mwenye akili timamu kabisa hupata shida kuunganisha herufi na sauti. Hiyo huhitaji mtaalamu wa kuitambua, na mtoto mwenye hali hiyo hujifunza, ila kwa hatua ndogo na marudio mengi.

Sasa dada yako. Nimeifikiria sana ile kauli yake, "Kwangu walisoma." Umeisikia kama kujitetea, na huenda ni kujitetea. Lakini mrudie yule mtoto aliyeitazama picha akasema "Mtoto" badala ya "Asubuhi". Mtoto huyo anajua kazi moja vizuri sana: kuangalia picha na kusema linalofaa. Mpe kitabu alichokizoea, alichokisikia kikisomwa wiki baada ya wiki, atakisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, na wala hatakuwa anasoma. Kama dada yako aliwapima kwa vitabu vilevile vya darasani, basi kwake walisoma kweli kwa alichokiona, na kwako hawasomi kweli kwa unachokiona. Inawezekana hakuna anayesema uongo. Na alikuwa na watoto wangapi miaka hiyo? Alipata lini nafasi ya kumsikiliza kila mmoja mezani kama ulivyofanya wewe?

Ule utani nao, Mwalimu wangu. "Hawa watu wako." Mtu anayesifika kwa kazi yake akiambiwa hivyo hasikii utani. Ungeweza kumfuata mkiwa wawili tu, na ombi badala ya ushahidi: "Dada, mimi sijawahi kumwanzisha mtoto kusoma, wewe umewaanzisha mamia. Nina watoto wamekwama kwenye mbw na nyw, njoo uwasikilize pamoja na mimi." Ni ombi la kweli, kwa maneno yako mwenyewe. Akija, atayaona mwenyewe. Hatari ni kwamba anaweza kukataa, au akaja akakasirika, na urafiki ukapitia kipindi kigumu zaidi ya hiki cha salamu fupi. Kwenda kwa mwalimu mkuu kwanza kuna hatari nyingine: dada yako akilisikia kutoka kwa mtu wa tatu, hata kama hukumtaja, atajua ni nani. Kunyamaza nako si kutulia. Umeshaona watoto hawa mmoja mmoja, na nadhani kila kipindi utakuwa unawaona pale nyuma.

Kama utarudi kwa mwalimu mkuu, usirudi kwa kuzungukazunguka. Nenda na karatasi inayoonyesha watoto wangapi wanasoma silabi, wangapi neno, wangapi aya, wangapi wanaelewa hadithi, bila historia ya nani aliwafundisha. Anauogopa mtihani. Mwonyeshe kwamba mtoto asiyeweza kusoma swali hawezi kulijibu hata mada zote zikiisha. Anaweza kukuelewa, na pia anaweza kukutwisha kazi yote wewe peke yako kwa sababu umeileta. Uwe tayari kusema utaweza nini na hutaweza nini.

Kuna la mwisho ambalo hukuuliza. Mwisho wa mwaka ripoti utaziandika wewe. Tuseme kati ya wale 13, baadhi watakuwa wanasoma maneno ya silabi tatu kwa uhakika, jambo kubwa sana kwao, lakini bado hawajafikia kifungu cha darasa la nne. Utaandika nini kwenye kile kistari kifupi? "Anasoma vizuri" si kweli, na "Hajui kusoma" nayo si kweli tena. Unaweza kuandika anachokiweza na kilichobaki, "Anasoma maneno ya silabi tatu, aendelee na sentensi fupi", na baadhi ya wazazi hawatafurahi kukiona. Mwalimu wa darasa la tano atakifurahia. Huyo zungumza naye mapema, kabla ya mtihani, umpe na ile karatasi ya makundi, ajue wapi pa kuanzia nao.